Kiongozi asiyejua historia atatutetea vipi mbele ya mataifa? Watu wa Lamu na Malindi tuongee

Mleta uzi (Lamu)

Asalam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Naweka huu uzi manake hapa barazani watu wabishana na hakuna anaemaliza hoja. Suala lenyewe ni hili: mwanasiasa anaeshika mambo ya nje, awe rais, awe waziri, awe hata mbunge wa kamati inayopitisha mikataba, lazima ajue historia ndo afanye hio kazi sawasawa? Ama yatosha awe na akili ya biashara, ulimi mzuri na washauri?

Mimi nasema lazima ajue, na si historia ya kukariri majina ya wafalme. Ajue sisi wenyewe tulisema nini na tulitia saini nini kabla yeye hajaingia ofisini, kisha ajue yule alieketi upande wa pili wa meza akumbuka nini kuhusu sisi. Anaekosa hayo hata akiwa na digrii tano ataenda kutuaibisha, na sisi wa mwambao wa kaskazini ndio tutakaoumia kwanza.

Mfano ninao na ni wa juzi tu, kesi ya bahari. Somalia ilitupeleka mahakama ya kimataifa ya haki kule The Hague mwaka 2014. Mpaka wa nchi kavu hauna ubishi, ule uliwekwa na Waingereza na Wataliano miaka ya 1925 hadi 1927, na kigingi cha mwisho kiko kule upande wa Kiamboni mahali panapoitwa Dar es Salaam, si ile ya Tanzania. Ubishi waanza pale ardhi inapoingia majini. Kenya yasema mstari waenda mashariki moja kwa moja ukifuata latitudo, Somalia yasema la, wapita katikati baina ya pwani zetu mbili, yaani wapinda kusini mashariki. Baina ya mistari hio miwili kuna bahari ya kilomita za mraba zaidi ya 100,000, na samaki wake, na kama kuna mafuta basi na mafuta yake.

Hoja yetu kubwa ikawa kwamba rais Moi alitangaza mstari wa latitudo Februari 1979, rais Kibaki akatangaza tena 2005, Somalia ikanyamaza, na alienyamaza amekubali. Ukiisikia hivyo yavutia. Lakini mahakama ikafungua makaratasi. Ikakuta sheria yetu wenyewe ya maji ya nchi, ya 1972, yataja mstari wa katikati. Ikakuta makubaliano tuliotia saini na Somalia 2009 yanayosema wazi kwamba mpaka wa baharini haujaamuliwa na kuna mgogoro. Halafu ikaangalia hali yao, kwamba kuanzia 1991 hadi 2005 nchi ile ilikuwa vitani na haikuwa na serikali inayofanya kazi sawasawa, sasa wangelalamika kupitia ofisi gani? Machi 2021 sisi tukasusia vikao. Tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikatoka, hoja ya kunyamaza ikakataliwa, mstari ukachorwa karibu na ule wa Somalia, ukasukumwa kidogo tu kaskazini ili tusibanwe sana baina yao na Tanzania. Nairobi ikasema haiitambui hukumu hio, na mpaka leo ndo tuko hapo.

Yale makubaliano ya 2009 yalikuwa na shughuli yake, ilikuwa kila nchi ipeleke maombi yake ya kudai ardhi ya chini ya bahari kwa tume ya Umoja wa Mataifa bila mwenzake kuweka pingamizi. Sipingi. Lakini huwezi kuandika 2009 kwamba mpaka haujaamuliwa kisha uende mbele ya majaji useme uliamuliwa 1979. Mtu mmoja tu mwenye kujua mlolongo ule, akiwa na cheo cha kutosha kusema ngojeni kwanza tuangalie tulisema nini nyuma, angebadilisha ile karatasi kabla haijatiwa wino. Hio ndio historia ninayoitaka mimi.


Kijana wa Malindi

Kaka nimekusoma na hio ya bahari imeniuma hata mimi, lakini naona walaumu pasipo. Hio ni kazi ya mawakili na watu wa wizara. Rais ana mambo mia, bei ya unga, madeni, vijana hawana kazi, leo umkalishe chini asome mkataba wa 1927? Kazi yake ni kuchagua watu wanaojua kisha awasikilize. Mimi bora kiongozi anaejua kupiga hesabu na kuongea na wawekezaji. Huku Malindi Mtaliano akija haulizwi babu yake alifanya nini Kismayu, anaulizwa ataajiri watu wangapi. Na kusema ukweli nchi nyingi zimeendelea na viongozi wao hawajui historia ya mtu.


Mleta uzi (Lamu)

Ndugu yangu wa Malindi, hoja ya washauri ndio kila mtu huiegemea na nimeifikiria sana. Mshauri hujibu alichoulizwa. Kiongozi asiejua kitu hajui hata aulize nini, na mbaya zaidi akiona washauri wawili wabishana mbele yake hajui amuamini yupi, basi atamfuata anaeongea kwa sauti ama anaemwambia anachopenda.

Umesema hesabu. Robert McNamara alikuwa waziri wa ulinzi wa Marekani chini ya marais Kennedy na Johnson, na huyo alikuwa mtu wa hesabu haswa, alitolewa kuongoza kampuni ya magari ya Ford. Wakati wa Vietnam hesabu zote alikuwa nazo, mabomu mangapi, maadui wangapi wameuawa, silaha ngapi zimekamatwa. Na bado 1995 akaandika mwenyewe kwamba yeye na wenzake hawakuijua historia ya watu wale wala utamaduni wao wala siasa zao. Waliona Vietnam ya kaskazini ni mkono tu wa China. Mtoto wa shule kule Hanoi angewaambia kwamba Wavietnam walitawaliwa na China karibu miaka elfu moja, na mashujaa wao wengi ni wale waliopigana na Wachina. Wamarekani walipoondoka haikupita miaka mingi, Februari 1979 China na Vietnam wakapigana wenyewe kwa wenyewe.

Waniuliza washauri walikuwa wapi? Walifukuzwa! Wale wataalamu wakubwa wa China katika wizara yao ya nje, kina John Service na John Paton Davies, waliondolewa kazini miaka ya 1950 wakati wa ile fujo ya kuwasaka wakomunisti, na walichokuwa wamefanya ni kuandika waliyoyaona China kwa macho yao. Kwa hivyo ilipofika zamu ya Vietnam hakukuwa na mkubwa wa kugonga meza. Kiongozi asiejua thamani ya elimu hio huiacha itoke mlangoni, na hata haoni kwamba imetoka.

Mwangalie Kennedy sasa. 1961 washauri hao hao wa kuaminiwa walimwingiza kwenye uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe kule Cuba ukamfia mikononi. 1962 makombora ya Warusi yakaonekana Cuba, na majenerali wakamwambia piga. Mwaka huo alikuwa amesoma habari za Agosti 1914, vile nchi za Ulaya ziliingia vitani kila moja ikidhani mwenzake atarudi nyuma, na akawa aongea na watu wake kuhusu jambo hilo. Akakataa kupiga, akaizingira Cuba kwa meli, na akamwachia Khrushchev, kiongozi wa Warusi, mlango wa kutokea, hata makombora ya Marekani yaliokuwa Uturuki yakaondolewa chini chini. Washauri walikuwepo mara zote mbili, yeye ndie aliebadilika.


Mwalimu mstaafu (Malindi)

Mwanangu, nimefundisha somo hili miaka mingi na nafurahi kuona mnalijadili kwa uzito. Lakini usiende mbio, kuna mfano unaokupinga na ni mkubwa.

Uingereza, 1956. Waziri mkuu ni Anthony Eden. Huyu alisoma Kiajemi na Kiarabu pale Oxford akapata daraja la kwanza. Alikuwa waziri wa mambo ya nje mara tatu. Februari 1938 alijiuzulu kwa sababu hakukubali namna waziri mkuu Chamberlain alivyokuwa akimbembeleza Mussolini, dikteta wa Italia, na baadaye ikaonekana wazi kwamba aliona mbali. Huyo ni mtu anayejua historia au siye? Basi Julai 26, 1956 Nasser, rais wa Misri, akautaifisha mfereji wa Suez, na Eden akamtazama akamwona Mussolini mwingine. Akasema tukimwachia huyu tutarudia makosa ya miaka ya thelathini. Akapanga kwa siri na Ufaransa na Israel, mwisho wa Oktoba wakaivamia Misri. Marekani ikakasirika, pauni ikayumba, Novemba 6 wakasimamisha vita, Januari 1957 Eden akaachia kiti. Uingereza haikurudi tena kuwa ile iliyokuwa.

Sasa niambie, historia ilimsaidia nini? Mimi naona ilimpofusha. Asingejua lolote kuhusu 1938 pengine angemwona Nasser kama Nasser. Na Woodrow Wilson alikuwa profesa kabla ya kuwa rais wa Marekani, akaenda Paris 1919 kupanga dunia upya, akarudi nyumbani baraza lake la seneti likaukataa mkataba. Elimu peke yake si kinga.


Mleta uzi (Lamu)

Mwalimu shikamoo, na ahsante, huu ndio upinzani niliokuwa naungoja.

Eden alijua historia, kweli. Lakini alijua historia ya nani? Alikuwa amebeba 1938, nayo ni historia ya Ulaya. Misri ina mahesabu yake. 1875 Khedive Ismail, mtawala wa Misri, amezama kwenye madeni, Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza, anunua hisa zake za mfereji kwa pauni milioni nne. Mfereji huo Wamisri waliuchimba kwa kazi ya kulazimishwa miaka ya mwanzo, kisha hisa zao zauzwa kwa sababu ya deni. 1882 Waingereza waingia na jeshi, wasema ni kwa muda tu. Askari wao wa mwisho watoka eneo la mfereji Juni 1956. Hesabu mwenyewe mwalimu, ule muda mfupi ulikuwa miaka 74, na Nasser alitaifisha mfereji wiki chache tu baada ya wao kuondoka.

Kubwa kuliko yote ni Februari 4, 1942. Waingereza walizingira kasri ya Abdin mjini Cairo kwa vifaru, balozi wao akaingia kwa mfalme Faruk akampa masharti: mteue Nahhas awe waziri mkuu ama uache kiti. Mfalme akanywea. Nasser wakati huo ni afisa kijana wa miaka 24 na fedheha ile ilimkaa moyoni yeye na wenzake wengi jeshini. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza siku ile alikuwa nani? Alikuwa Eden huyu huyu! Historia ya kumfahamu Nasser ilikuwa kwenye faili zake mwenyewe na yeye akafungua faili ya Mussolini.

Kwa hivyo mimi sioni kwamba alijua mno, naona alijua upande mmoja. Hapo ndipo nasisitiza lile langu la pili, ajue mwenzake akumbuka nini. Kiarabu alikijua, makovu ya wenye lugha hakuyahesabu. Kuhusu Wilson nakuunga mkono, sina la kuongeza.


Dada wa Malindi

Naomba nami niingie maana mwataja Cairo na Vietnam na mambo haya yamejaa hapa hapa kwetu.

Mimi nakaa si mbali na nguzo ya Vasco da Gama na mara nyingi naona watoto wa shule wakiletwa pale kupiga picha. Nguzo nyeupe imechongoka, juu yake msalaba wa jiwe lililotoka Ureno wenye ngao ya mfalme wao, chini mawimbi yaula mwamba. Watoto waambiwa mfalme wa Malindi alimpokea mgeni vizuri akampa mjuzi wa kumwelekeza njia ya India, basi, picha, wapanda basi. Hawaambiwi kwa nini alimpokea.

Sababu ilikuwa Mombasa. Da Gama alifika kwetu Aprili 1498, na kabla ya hapo alikuwa ameshafyatua mizinga kisiwani Msumbiji, Mombasa wameshakosana, na njiani kuja huku alikamata chombo na watu waliokuwemo. Habari za baharini hazikai siri. Mfalme wetu alijua hawa ni watu wa aina gani. Lakini alikuwa na uhasama na Mombasa, akaona wenye mizinga watamfaa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Na kwa muda alipona kweli, 1505 Almeida, kamanda wa Wareno, alipozipiga Kilwa na Mombasa akazipora, Malindi haikuguswa. Kwa miaka karibu tisini mji wetu ulikuwa na kibali kwa Wareno.

Kisha? 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakahamia huko, na ukoo wa Malindi wakaupeleka kutawala Mombasa chini yao. Mji wetu ukabaki nyuma ukafifia. Na ule ukoo marafiki haukusalimika. Sultani Hassan alikosana na makapteni wa ngome, akauawa 1614. Mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, mji wa Wareno kule India, akiwa mtoto, akabatizwa akaitwa Dom Jeronimo, akarudishwa kukalia kiti cha babake, na Agosti 1631 akaasi akawaua Wareno ngomeni. Mjukuu wa marafiki ndiye aliyewachinja.

Mimi simwiti yule mfalme wa 1498 mjinga. Alipima hatari iliyokuwa karibu, na kwa kipimo chake alifaulu, yeye amekufa na mji wake unastawi. Swali langu kwa mleta uzi ni hili: kiongozi apimwe kwa muda gani? Ukimpima kwa miaka hamsini alikuwa hodari, ukimpima kwa miaka mia na thelathini aliangamiza nyumba yake. Historia ingemsaidiaje na lile jambo lilikuwa jipya kwa kila mtu pwani nzima?


Mleta uzi (Lamu)

Dada umenishika pazuri na swali lako ni zito. Nakubali kwamba yule wa 1498 hakuwa na mfano wa kuangalia. Lakini waliokuja nyuma yake walikuwa nao, na hawa ndio siwaachi.

Anzieni na sisi Lamu. Mnamo 1813 Pate na Mazrui wa Mombasa walikuja kutupiga, vita vikapiganwa Shela, tukashinda, wazee wa Shela husimulia kwamba mifupa ilionekana mchangani miaka mingi. Tumeshinda lakini twaogopa watarudi. Tukamwita Sayyid Said wa Oman atulinde. Akaja, akaweka liwali na askari, ngome yetu ikamalizwa kujengwa chini yake, na tangu siku hio Lamu haikujitawala tena. Kisha Mazrui wa Mombasa wakaona Said awakaribia. 1824 Kapteni Owen wa jeshi la maji la Uingereza apita, wamwomba bendera ya Uingereza iwalinde, awapa. London yasikia, yasema hatukumtuma. 1826 bendera yashuka. 1837 Said akawamaliza.

Sasa twende Witu, na hapa nataka tukae kidogo. Ahmed Simba alikuwa wa ukoo wa Nabahani wa Pate, amekimbilia bara kwa sababu ya utawala wa Zanzibar. 1885 akajiweka chini ya Wajerumani kupitia kina Denhardt, wale ndugu wawili, ili Sultani wa Zanzibar asimguse. Hapa kwetu Lamu Wajerumani wakafungua posta 1888, nyumba ile iko mpaka leo ndani ya mji wa zamani, wageni huingia kuangalia picha na stempu. Mimi nikipita pale huwa nafikiria barua zilizokuwa zikitoka. Manake Julai 1, 1890, Berlin na London wakatia saini mkataba wao, Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland kule bahari ya Kaskazini, na pamoja na mambo mengine ikawaachia Waingereza Witu. Witu haikuulizwa. Alieketi kiti wakati huo ni Fumo Bakari. Septemba Mjerumani mmoja aitwae Küntzel na wenzake wakauawa kule Witu, na Oktoba admirali Fremantle wa Uingereza akaja na askari akauchoma mji. Yaani mji ulichomwa na Waingereza kwa sababu ya Wajerumani ambao walikuwa wameshawauza.

Sasa jibu lako dada. Kutoka bendera ya Owen kushuka hadi Ahmed Simba kupandisha ya Wajerumani ni miaka kama sitini. Wazee waliokumbuka walikuwepo Mombasa, walikuwepo hapa Lamu. Jambo la kujua lilikuwa jepesi: ahadi ya afisa ama mfanyabiashara aliekuja na meli si ahadi ya serikali yake, na serikali yake yaweza kubadilisha rafiki mezani Ulaya bila hata kukuandikia barua. Na pale pote, Malindi, Lamu, Mombasa, Witu, mgeni aliitwa kwa sababu ya jirani. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Ukiniuliza kiongozi wa pwani ama wa Kenya nzima ajue kitu gani kimoja kabla hajaomba msaada wa jeshi la nchi kubwa, ni hicho.

Kuhusu muda wa kumpima, mimi nampima kwa umri wa kile alichosaini. Mkataba ukifunga watu miaka mia basi apimwe miaka mia.


Mvuvi wa Kizingitini

mimi sijasoma sana lakini haya ya bahari nayajua. babu zetu walikuwa wakienda Chula, Koyama, Kismayu kwa jahazi na ni jamaa zetu wale, Bajuni ni Bajuni. Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na sisi mpaka wakawapa Wataliano, 1925, ati zawadi ya kuwasaidia vita vya kwanza vya dunia. hakuna mtu aliekuja Faza wala Kiunga kuuliza. leo kijana akitoka na boti akifuata samaki ajua vipi kama ameshavuka? mahakama imesema hapa, Nairobi yasema pale, askari wa majini wa kila upande ana ramani yake. alafu viongozi wakija kuomba kura waongea barabara na maji ya mfereji, wallahi sijasikia hata mmoja aongea hii.

na kitu chengine. bendera ya Somalia ile nyota ina pembe tano, moja ni ile NFD yetu, yaani kaskazini mashariki ya Kenya, wao wahesabu ni ardhi ya Wasomali. kiongozi wetu akienda Mogadishu kuongea na hajui hio aongea na nani?


Kijana wa Malindi

Hio ya nyota mzee wangu nilikuwa siijui, ahsante. Lakini bado sijashawishika kabisa, na nitawaletea mfano wa kuwamaliza. Putin. Julai 2021 aliandika makala ndefu ya historia, karne na karne, kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Februari 2022 akavamia. Huyo historia anaipenda kuliko nyinyi nyote hapa. Na Milosevic, kiongozi wa Serbia, 1989 alisimama uwanja wa Kosovo kuadhimisha vita vya miaka 600 nyuma, na tunajua Yugoslavia ilivyoishia. Mimi naona kiongozi asiejua historia angalau hana kisasi cha kubeba. Anaanza upya na kila mtu.


Mwalimu mstaafu (Malindi)

Kijana, kwa mfano huo umenifanya nihame upande, sasa namuunga mkono mleta uzi.

Februari 21, 2022, usiku ule Urusi ilipotambua yale majimbo mawili ya mashariki ya Ukraine, balozi wetu Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alizungumza mbele ya Baraza la Usalama. Hakuzungumzia NATO. Alizungumzia mipaka yetu. Alieleza kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kujali mataifa ya kale yaliyokatwa, na kwamba ng'ambo ya kila mpaka tuna ndugu. Kwamba lau tungedai nchi za kabila moja au dini moja tungekuwa bado tunamwaga damu, kwa hiyo tuliamua kuipokea mipaka ile na kutazama mbele. Dunia nzima ilinyamaza kumsikiliza, na yeye ni mtu wa nchi isiyo na bomu la nyuklia hata moja.

Uzito ule aliutoa wapi? Umoja wa nchi huru za Afrika ulikutana Cairo Julai 1964 ukakubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru, na Somalia na Morocco hawakuridhia. Sisi wakati huo tulikuwa ndani ya vita vya Shifta kule kaskazini mashariki, na waasi waliotaka kujiunga na Somalia. Kwa hiyo Kenya inaposema mipaka isiguswe inasema jambo ililoligharamia kwa damu. Putin na Kimani wote walifungua historia usiku mmoja. Mmoja alitafuta alichonyang'anywa, mwingine alitafuta gharama ya kudai. Kiongozi asiyejua kitu asingeweza kumjibu Putin, angesoma tu karatasi ya kulaani kama wengine.

Na huko kuanza upya na kila mtu hakupo, kijana. Wewe utaanza upya, mwenzako hajasahau.


Dada wa Malindi

Na Wachina pia hawasahau. Twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wao mwaka 1415, wakati wa safari za Zheng He, admirali wao, na kila ujumbe wao ukija Kenya habari hiyo husimuliwa, kwamba walikuja na meli kubwa zamani na hawakutwaa ardhi. Wamekuja hadi na wanaakiolojia kuchimba huku kwetu na Mambrui. Ni kumbukumbu nzuri na ni ya kweli, lakini wao wanaileta mezani kwa mpango. Kiongozi wetu anayeisikia kwa mara ya kwanza pale pale atatabasamu tu atie saini.


Mleta uzi (Lamu)

Kweli dada. Bandari ya hapa kwetu, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na limejengwa na kampuni ya Kichina, na mimi sina ugomvi na gati. Lakini kumbukeni wavuvi wa Lamu walilazimika kwenda mahakamani mpaka 2018 wakatambuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76, manake walioingia mkataba hawakujua ama hawakujali kwamba mlango ule wa bahari wa Manda una watu waliouvua tangu enzi na enzi. Twiga wa 1415 alikumbukwa, mvuvi wa Lamu hakukumbukwa.

Kijana wa Malindi, wewe nakushukuru zaidi, bila wewe uzi ungekuwa wa kupigiana makofi. Bado nakuachia moja: kweli historia yaweza kumtia mtu kisasi. Dawa yake naona ni wapiga kura nao kujua, ili kiongozi akija na nusu ya hadithi tumwambie nusu ya pili.


Kijana wa Malindi

Sawa hapo nakubaliana na wewe. Sasa 2027 si mbali, wagombea watakuja. Tuwaulize nini haswa? Tukiuliza unajua historia kila mtu atasema ndio. Na sisi wenyewe tusome wapi, hio hukumu ya bahari iko wapi?


Mleta uzi (Lamu)

Maswali ya mtihani wa shule hayatusaidii. Mimi nitauliza kila atakaetaka ubunge ama useneta huku: hukumu ya Oktoba 2021 wataka tuifanye nini, na mvuvi wa Kizingitini afuate mstari upi kesho asubuhi? Na la pili, ile barua ya Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Shamte, iliotutoa chini ya Sultani ikatuingiza Kenya, ilitoa ahadi gani kwa watu wa mwambao na ipi imetimizwa? Akijibu kwa kubahatisha tutamuona.

Hukumu yenyewe iko wazi kwa intaneti, kwa Kiingereza na Kifaransa. Nitaianza kipande kwa kipande niweke hapa hapa kwa Kiswahili, kwanza ile sehemu inayoeleza mstari waanzia wapi na wapita wapi. Mwalimu naomba uwe waniangalia makosa. Na ndugu yetu wa Kizingitini tafadhali usipotee, majina ya visiwa na miamba yalioandikwa mle kwenye ramani si yale mnayotumia nyinyi baharini, tutakuhitaji utuambie kila mahali ni wapi.